Ngumi Uliyomwonyesha Nesi

Mama, shikamoo.

Najua marehemu haamkiwi. Katekista wetu akisikia atasema nimeanza kuchanganyikiwa. Lakini miaka yote ishirini na miwili niliyokaa kwenye boma lako sijawahi kukuambia neno lolote asubuhi kabla ya shikamoo, na siwezi kuanza leo eti kwa sababu huwezi kuniitikia. Marahaba yako naijua. Ulikuwa unaivuta mwishoni, kama mtu anayepima kama huyu mkwe ameamka mapema mwenyewe au ameamshwa na ndama.

Nimekaa kwenye stuli yako hapa mlangoni, daftari liko magotini. Mwanao amepeleka ng'ombe kunywa maji, Daniela yuko shuleni, nyumba imetulia. Nina jambo. Nataka kulivunja lile neno tuliloahidiana mimi na wewe, lile la mti. Sikuandikii kuomba ruhusa, maana ruhusa yako sina pa kuipata na muda hautoshi. Nakuandikia usije ukasikia kwa wengine kwanza.

Lakini hukumpenda mtu anayeingia na shida yake kabla ya kutoa habari za kwao. Basi habari.

Vitunguu saumu vimetoka vizuri, huu ni msimu wa pili tangu utuache. Yule ng'ombe wako mwenye pembe iliyopinda amezaa tena jike, na bado anampiga teke mtu yeyote asiyekuwa wewe. Mwanao anasema anakutafuta. Mimi nasema ana roho mbaya tu. Chumba chako nimeweka magunia ya maharage. Samahani. Najua ungesema chumba hakikai bure, lakini mara ya kwanza nilipoingiza gunia nilibisha hodi.

Na mimi, mama, nimekuwa mtu wa shuka.

Cheka tu. Neno ni lako mwenyewe. Unakumbuka siku ile ya kwanza? Hospitali walikuwa wameshakurudisha nyumbani, wakasema kansa ya kizazi imekwenda mbali. Ukawa umelala kwenye kile chumba, na harufu ya ugonjwa ikawatoa watu mmoja mmoja. Walikuwa wanakusalimia dirishani, wakisingizia viatu vyao vina tope. Halafu likaja gari la hospisi kutoka mjini. Akashuka nesi Filomena, mfupi, mnene, buti za mvua miguuni, akakuamkia, akasema wao wanatoa huduma ya tiba shufaa, ya kumtuliza mgonjwa maumivu. Neno lenyewe hatukulijua, mimi ni wa darasa la saba na wewe hata hapo hukufika. Nilikuwa nimemfutia stuli. Hakuikalia. Alikaa kitandani, ubavuni kwako, kana kwamba pale pananukia sabuni.

Akaliona shuka lako limelowa. Akatoa jingine safi kwenye begi, akanionyesha namna ya kulibadilisha bila kukunyanyua: unamgeuza mgonjwa upande, unalikunja la zamani mpaka mgongoni kwake, unaingiza jipya, kisha unamgeuza upande wa pili. Akasaga vidonge kwa kitako cha chupa ya soda, akanyunyiza unga wake kwenye kitambaa chako, akasema hii itapunguza harufu. Ikapungua kweli. Jioni jirani akauliza pale dirishani, "Hao ni akina nani?" Nawe ukamjibu kwa uhakika wote, "Ni watu wa shuka." Uliambiwa shufaa ukasikia shuka, na Tlawi nzima ikakufuata. Hata leo nikipita na begi langu wananiita, "Mama wa shuka, karibu uji."

Siku ileile nesi alitufundisha vidole. Ngumi, hakuna maumivu. Kidole kimoja, yapo kidogo, mtu anaendelea na shughuli zake. Vinapanda hivyo mpaka vitano, na vitano ni maumivu yanayokukatiza hata sala. Ulimwonyesha vitano, halafu ukaongeza na mkono wa pili. Akasema, "Bibi, mkono mmoja unatosha." Ukamwambia, "Kwako unatosha."

Ndipo akatoa chupa ya mofini, dawa ya maumivu. Akanipa bomba la sindano lisilo na sindano, nivute dawa mpaka mstari wa tano, nikupe mdomoni kila baada ya saa nne. Akabandika plasta ubavuni mwa chupa, akasema tukirudi baada ya wiki mbili dawa iwe imeshuka mpaka hapa.

Dozi ya kwanza alikupa yeye mwenyewe. Ukalala. Mama, ulikuwa hujalala usingizi wa maana kwa siku nyingi, na siku ile ulilala tangu asubuhi mpaka jua likasimama kichwani, ukapitiliza, mdomo wazi. Sikuwahi kukuona hivyo. Nilisimama mlangoni nimeshika ubao wa mlango. Nilikuwa nimeshasikia maneno kwenye jumuiya. Mama mmoja, simtaji, unamjua kwa shali lake, alininong'oneza baada ya rozari: "Lile gari la kumalizia limefika kwenu? Kule Bashay mzee alipewa chupa Jumatatu, Jumatano akafa." Nikakutazama ulivyolala. Nikasema moyoni, nikimpa yote nitakuwa nimemwua mama wa watu kwa mkono wangu huu. Na nikiikataa dawa mbele ya nesi nitaonekana mshamba.

Basi nikatafuta njia ya katikati. Nikawa nakupa mpaka mstari wa pili. Siku nyingine hata huo sikuufikia. Na ile iliyobaki, ili chupa ishuke mpaka kwenye plasta, nilikuwa naimwaga kwenye shina la mgrivelia, ule ulio nje ya dirisha lako. Kila mara nilifanya kwanza ishara ya msalaba. Nilidhani nakulinda. Nilidhani Mungu anaona ninavyokulinda.

Siku kumi na tisa. Nilikuja kuzihesabu baadaye kwenye kalenda ya parokia, maana sikutaka kujidanganya.

Nesi aliporudi wiki mbili zilipotimia alikuuliza vidole. Mimi nimesimama nyuma yake. Ulinitazama mimi, siyo yeye. Ukainua mkono, ukakunja ngumi.

"Hakuna maumivu kabisa, bibi?"

"Hakuna."

Nilimshukuru Mungu, mama. Hapo ndipo ninapojionea aibu kuliko pengine pote. Nilishukuru kweli, nikasema unaona, hata kidogo kinatosha. Na huku nikiwa jikoni nilikuwa nasikia jinsi unavyouma ncha ya khanga yako ili usipige kelele.

Siku ya kumi na tisa walikuwa wanapita kwenda kwa mgonjwa wa Bashay, wakasimama kwetu bila kutegemewa. Nesi hakuuliza vidole. Alisema anataka kubadilisha shuka. Akafunua. Mkono wako ulikuwa ngumi juu ya kifua kama siku zote, lakini kule chini vidole vya miguu vyote vilikuwa vimejikunja, vimeng'ang'ania godoro kama vya mtu anayepanda mlima wakati wa utelezi. Aliitazama ile miguu kwa muda. Akakufunika. Akaniambia, "Dada, hebu twende ukanionyeshe vitunguu vyako."

Tukaenda mpaka kando ya shamba. Nilitegemea aniulize nimefanya nini. Ningemdanganya, uongo nilikuwa nao tayari. Lakini aliniuliza, "Unaogopa nini?" Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nililia mpaka nikakaa chini juu ya matuta. Nikamwambia yote, mama wa shali, mzee wa Bashay, mti.

Hakunigombeza. Alisema yule mzee walimfikia akiwa tayari ameshika mlango wa kutokea, na kilichomchukua ni ugonjwa wake. Alisema dawa ikipimwa kama alivyoipima haimwui mtu, na wewe ulilala vile kwa sababu maumivu yalikuwa yamekunyima usingizi, na siku yalipokuachia kidogo mwili ukachukua haki yake. Maneno hayo hata mimi leo ninayasema kwa watu, na najua hayatoshi. Nafikiri naye alijua hayatoshi, maana alimwambia dereva aende Bashay na mwenzake, yeye akabaki. Akakupa dozi kamili. Akanikalisha pale kitandani, akauchukua mkono wangu akauweka juu ya tumbo lako. "Hesabu," akasema. Tukahesabu pumzi zako pamoja, asubuhi nzima. Tumbo linapanda, linashuka. Nikiogopa anasema tena, "Hesabu."

Ulipofumbua macho ukatukuta tumekukodolea. Ukasema, "Mmekaa hapo kama mmefiwa. Hakuna hata chai kwenye nyumba hii?"

Tulipata wiki saba baada ya hapo. Uliegemezwa ukutani ukawa unachambua mbegu za maharage, ukizitupa zote nilizochagua mimi. Padre alikuja kukupaka mafuta, akakosea jina lako la ubatizo, ukamsimamisha akaanza upya. Nesi alikuuliza unataka kuzikwa wapi, swali ambalo mimi nisingethubutu, nawe ukajibu kama mtu anayechagua pa kuanikia mahindi: "Upande wa juu, niwe naona njia." Ulikuwa na siku za kidole kimoja na siku za vitatu, na ukisema vitatu nesi anaongeza, na tunaendelea.

Na siku moja nilikuwa nakukata kucha. Ukatazama dirishani, ukasema, "Mti wako unalala vizuri siku hizi?"

Mkasi ukaniponyoka. Nikauliza, "Mti gani, mama?"

"Huo hapo. Nilifikiri una kansa, kwa dawa ulizoupa."

Siku zote kumi na tisa ulikuwa unaniona. Hata ule msalaba uliuona. Nilipiga magoti nikaishika miguu yako, ukaniambia niinuke nitakuumiza. Nikakuuliza kwa nini ulimwonyesha nesi ngumi. "Ningeonyesha vitano angeuliza dawa inakwenda wapi," ukasema. "Wanangu wangesikia. Roza angekutafuna mbichi. Halafu mimi nihudumiwe na nani? Na Roza?" Ukacheka mpaka ukakohoa. Kisha ukanitazama vile ulivyokuwa unaniangalia zamani nilipoolewa sijui hata kukamua. "Ulikuwa unaogopa. Nilikuona. Hili tulizike mimi na wewe, usimwambie mtoto wangu yeyote."

Nikaahidi, nimeshika rozari yako.

Ulipoondoka ilikuwa asubuhi, ng'ombe hawajafunguliwa. Mkono wako ulikuwa wazi juu ya shuka. Nilipotaka kuvinyoosha vidole vyako niviweke vizuri vilikuwa tayari vimenyooka. Baada ya mazishi, watu wameshatawanyika, gari la hospisi lilikuja tena. Nikadhani wamefuata chupa. Waliichukua ndiyo, lakini walikaa, wakanywa chai, wakamwuliza mwanao anakulaje, wakaniuliza mimi ninalalaje. Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza mimi. Siku ile ndipo nilipomwambia nesi nataka kufanya kazi yao. Wakanifundisha kwenye ukumbi wa parokia pamoja na akina mama wengine. Sasa nina begi langu, glavu, kadi za wagonjwa, na hapa Tlawi nina watatu ninaowatembelea wakati nesi hayupo. Mmoja anafanana na wewe kwa kejeli.

Sasa nifike kwenye jambo.

Jumapili baada ya misa Roza alinipigia kutoka Nangwa. Mume wake, shemeji Gidamis, ana kansa ya koo. Hukulijua hili, lilianza baada yako. Hata maji yanapita kwa shida. Watu wa shuka wa upande wa Hanang wameshamfikia, wamempa chupa kama yako. Roza hakunisalimia. Alisema, "Wifi, niambie ukweli. Ile dawa aliyokuwa anakunywa mama, ndiyo iliyommaliza?"

Nikasema hapana.

"Utasema hapana, umeshakuwa mtu wao. Na wala hakuwa mama yako."

Akaniambia chupa ameifukia kwenye debe la unga, shemeji anapewa matone mawili matatu ya kumpoza tu, na watu wa hospisi wakija anawaambia anaendelea vizuri. Nilishika simu, mama, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka Nangwa. Njia ya katikati.

Nesi wa kule anaweza kumwelimisha, na Roza ataitikia kwa kichwa kama nilivyoitikia mimi. Kitakachomfanya aitoe ile chupa ni kujua mama yake alikuwaje akiwa hana dawa, na alikuwaje akiwa nayo. Aliyeyaona yote mawili usiku na mchana, na bado yu hai, ni mimi peke yangu. Siwezi kulisema nusu. Nikisema uliumia, atauliza uliumiaje wakati dawa ilikuwepo.

Nimeomba rozari tatu juu ya ahadi yako. Nimetafuta kila mahali pa kupenyea, sikupaona. Wewe uliificha siri ili mimi nisiumizwe. Sasa siri hiyohiyo inamwumiza mtu mwingine, na simwoni Mungu akifurahi nikiendelea kuilinda. Mwanao nimemwambia leo asubuhi, zizini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akachukua panga akaenda kwenye ule mgrivelia, nikajua sasa unakwenda chini. Alikata matawi ya chini tu, yale yaliyokuwa yameziba dirisha lako, akayapanga vizuri kuwa kuni. Aliporudi akasema, "Basi la asubuhi huwa linajaa. Wahi." Hakuniangalia. Sijui amenisamehe au ameniahirisha.

Nakwenda kesho. Ukiwa na neno, nipe leo.

*

Mama, nimerudi. Leo ni Ijumaa.

Hukunipa neno, nikaenda hivyohivyo.

Nilifika Nangwa saa sita kasoro, mlima umejifunika wingu mpaka kiunoni. Roza alinipokea vizuri, akaninyang'anya begi, akaniita wifi wa mjini kwa sababu ya viatu vyangu vya semina. Shemeji alikuwa nje, amekaa juu ya ngozi ya ng'ombe, ameegemea ukuta, shuka lake jekundu limefika kidevuni. Unakumbuka alipokuja kutoa mahari, alivyokuwa anamtaja kila ng'ombe na tabia zake mpaka mzee wako akasinzia? Amebaki mifupa na macho. Nikamsalimia, nikamwuliza maumivu kwa vidole. Akautoa mkono ndani ya shuka, akanionyesha ngumi.

Roza akadakia, "Umeona? Si makubwa sana."

Hapo nilijua cha kufanya. Nilipiga magoti nikainua shuka upande wa miguu. Vidole vilikuwa vimejikunja vinachimba ile ngozi. Nikamwambia, "Shemeji, mkono unasema hakuna. Miguu inasema nini?"

Akanitazama. Akasema kwa ile sauti iliyobaki, nyembamba kama ya jani kavu la muhindi, "Roza, huyu wifi yako ni polisi."

Roza hakucheka. Aliingia ndani, nikamfuata. Nikamwambia palepale jikoni tumesimama, debe la unga katikati yetu. Nilianza na shali la yule mama, nikaja mstari wa pili, mti, msalaba, khanga uliyokuwa unaiuma. Nikamweleza zile wiki saba, mbegu, padre, kucha. Nilikuwa nimepanga mwishoni nimwambie kwamba ulinisamehe. Sikusema. Niliona itakuwa kama kujificha nyuma ya marehemu.

Hakulia. Aliuliza, "Siku ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Mama yangu, siku kumi na tisa."

"Ndiyo."

"Na wewe unakula, unalala."

"Nilikuwa nakula. Ndiyo."

Akaniambia, "Toka kwenye nyumba yangu."

Nikatoka. Nilichukua begi nikafika mpaka kwenye zizi, na hapo nikasimama. Nilijiuliza, nimekuja Nangwa kusamehewa, au nimekuja kwa ajili ya yule mtu aliye kwenye ngozi? Kama ni kusamehewa, niende, maana nimeshanyimwa. Kama ni yule mtu, sijamaliza. Nikarudi. Sikuingia ndani, alinikataza. Nikakaa chini nje karibu na shemeji, nikatoa rozari nikaanza kusali. Yeye si wa dini yetu, lakini alifumba macho akaniacha. Nilikuwa tayari kukaa hapo mpaka kesho yake.

Nilikuwa kwenye kumi la tatu la rozari niliposikia debe linaburutwa. Roza akatokea mlangoni, mkono mweupe mpaka kwenye kiwiko, ameshika chupa iliyogandwa na unga. Midomo yake ilikuwa inatikisika, anahesabu.

"Mimi leo ni siku ya kumi na moja," akasema.

Akakaa chini. Akaifuta chupa kwa khanga yake. "Nionyeshe mstari."

Nikamwonyesha. Aliyempa dawa ni yeye, nilitaka mkono uwe wake. Taratibu, kidogo kidogo pembeni ya shavu, mpaka ikapita. Halafu nikauchukua mkono wake, ule wenye unga, nikauweka juu ya tumbo la mume wake. Shemeji alipolala Roza alishtuka. Nikamwambia, "Hesabu." Akashtuka tena, nikamwambia tena. Tulikaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikatuvuka, na kule chini ya shuka vidole vilikuwa vimeachia ngozi. Nilimwonyesha. Alivitazama, akavishika, akavifunika.

Nilipoinuka kuwahi gari la Babati, alisema bila kuinua macho, "Na wewe bado sijamalizana na wewe."

"Najua, wifi."

Ndivyo tulivyoagana. Nililala Babati kwa mama mmoja tuliyesoma naye semina, nimefika hapa leo mchana. Mwanao alikuwa amepika uji, umeungua, nimeunywa wote.

Saa kumi hivi simu ikaita. Roza hakusalimia, umemlea mwenyewe, sina la kusema. Alisema ameshampa kila saa nne bila kuruka. Alisema shemeji amelala mpaka jua limepanda, na alipoamka aliuliza yule ng'ombe mwekundu amezaa nini, na alipoambiwa dume akasonya. Amekunywa uji nusu kikombe.

"Nikamwuliza vidole," Roza akasema. "Akanitazama weee. Akanionyesha viwili."

Akarudia.

"Viwili, wifi. Hakunionyesha ngumi."

Ndipo akalia. Na mimi huku nikalia, hakuna aliyemwambia mwenzake nyamaza, mpaka simu ikakatika yenyewe.

Shemeji hatapona. Nalijua hilo, Roza analijua, na yeye mwenyewe ameanza kumwambia nani atachunga nini. Lakini anayasema hayo akiwa amelegeza miguu. Roza sijui kama atanisamehe. Akija kuchukua vitunguu mwezi ujao nitajua. Asipokuja, nitampelekea.

Neno letu nimelivunja, mama. Nakupa jingine mahali pake, na hili sitalivunja. Kila nyumba nitakayoingia na begi hili nitaamkia kwanza, nitakaa kitandani hata kama stuli imefutwa, na sitapokea ngumi ya mtu yeyote mpaka nimeinua shuka. Na nikimkuta mkwe amesimama nyuma yangu na uso kama wangu ule, sitamwuliza amefanya nini. Nitamwomba anionyeshe vitunguu vyake.

Pumzika huko upande wako wa juu. Njia unaiona, mwanao ameyakata matawi. Ukiniona napita usivicheke viatu vyangu.

Na kama ungekuwepo ukaniuliza mimi, asubuhi ya Jumatano, kule zizini, maumivu yangu yalikuwa vidole vitano. Leo ni vitatu. Sikuonyeshi ngumi.

Ni mimi, mkweo,
Mama Daniela